Chanzo Kilicho Karibu na Familia

Kwenye kona ambapo avenyu ya kanisa inakutana na barabara kubwa ya Katuba kuna benchi moja refu la mbao, limeegemezwa kwenye ukuta wa fundi wa nguo, na kila asubuhi Mama Chancelvie huweka birika lake la kahawa kando yake juu ya makaa. Gazeti la Filimbi likitoka, pale hununuliwa moja tu, nalo husomwa kwa sauti mpaka wenye pikipiki wazime injini zao wasikilize. Wenye benchi ni watatu, na Katuba imewapa majina. Mbuyi, muuza unite, yaani vocha za simu, ni Agence, shirika la habari, kwa sababu habari humfikia kabla haijatokea. Zéphirin, fundi mwenye ukuta, ni Procureur, mwendesha mashtaka, kwa sababu hajawahi kusikia kisa bila kumpata mwenye kosa. Ngosa, aliyeendesha malori ya Kasumbalesa, kule mpakani, mpaka mgongo ukakataa, ni Kilomètre, kwa sababu mwanzo wa hadithi yake ukiuacha hapa Lubumbashi, mwisho wake utaukuta Zambia.

Asubuhi hiyo Léonie aliketi kwenye ncha ya benchi, mtoto wake Merdi amelala mgongoni, kikombe cha kahawa mkononi, hakinyweki. Hakuna aliyemjua. Ameolewa Likasi, na alikuwa amekuja Katuba kwa ajili ya kilio cha baba yake. Baba yake alikuwa amejiua. Mji mzima ulikuwa ukilisema neno hilo, ila yeye bado halijamtoka mdomoni.

Msiba peke yake wangeubeba. Kilichowavunja ni Filimbi. Gazeti liliandika kwamba mtu mmoja wa Katuba, mshughulikia karatasi za malori mpakani, amejitoa uhai, na kwamba "chanzo kilicho karibu na familia" kimesema ndani ya nyumba hakukuwa na amani, na mke wake anajua sababu. Chini liliahidi: toleo la kesho, jina la marehemu, picha yake, na yale mjane anayoyaficha. Katika lupango lao, ua wa nyumba, baba mdogo Katongo alisimama katikati ya waombolezaji akauliza ni nani aliyezungumza na gazeti. Kila mmoja alikana. Basi macho yote yakamgeukia mjane, Maman Marceline. Wakamtoa kwenye mkeka wa wafiwa, wakamkalisha nyuma ya jiko peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza. Majirani nao wakaacha kuja, kwa maana nani anataka kuonekana kesho gazetini akiwa ameketi katika nyumba hiyo?

Makala ile ilikuwa na sahihi ya Franck. Léonie aliambiwa kwamba huyo Franck huja kwenye benchi hili asubuhi kutafuta habari. Ndiyo maana alikuja, yeye ambaye hata kuomba mkate dukani humkausha koo. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno yake, na alipofika kona yote yalikuwa yamempotea.

— Source ya karibu na famille, Procureur alisoma, kidole juu ya mstari. Munasikia? Ya karibu! Haiko muntu wa kuokota mu njia.

Agence alikunywa funda moja, akafunga macho kama mtu anayeonja utamu.

— Miye nilisema tangu mwanzo. Ile nyumba haikukuwa na amani.

— Ulisema lini?

— Mbele ya gazeti kusema!

— Kosa iko ya bibi yake, Procureur akasema. Balinielezea hakulia. Bwana yako anakufa, na haulie? Dossier imefungwa.

Léonie alikaza mikono kwenye kikombe. Mama yake alikuwa amelia usiku na mchana mpaka sauti ikakatika kabisa. Sasa akifungua mdomo hutoka hewa tu, na hewa haisikiki barabarani.

— Muache bibi ya bantu, Kilomètre akadakia. Mambo iko Kasumbalesa. Kulipotea lori.

— Lori gani?

— Nzima, na remorque yake ya nyuma! Iliingia mu parking na ukungu, asubui ukungu ikatoka, lori haiko. Nani alishika karatasi yake? Yeye.

— Lori nzima itapotea namna gani, Kilomètre? Iko kuku?

— Weye unashona masuruali, unajua nini ya lori?

— Ninajua ya kwako masuruali haina nyuma, na hauyalipia bado.

Benchi likacheka. Mama Chancelvie aliongeza kahawa, naye akamtazama yule mwanamke mgeni aliyekuwa hacheki.

Pikipiki ikasimama. Kijana mwembamba mwenye miwani akashuka, simu tayari mkononi.

— Ba vieux, wazee wangu, niko na haraka. Page ya kwanza wanaifunga saa sita. Munaniongezea nini?

— Franck wetu! Agence akampisha nafasi. Kaa. Andika: source ya karibu na famille inasema kulikuwa lori.

— Lori ilibeba nini?

— Tia kobalti.

— Na muke wa pili upande wa Zambia, Procureur akaongeza. Lori haipotei bila mwanamuke. Tia na mapacha.

— Pole pole, Franck alisema huku vidole vikikimbia juu ya simu. Ma-pa-cha. Source ni ile ile?

— Ile ile. Ya karibu.

Ndipo Léonie akaelewa. Lile dubwana lililokuwa likizunguka katika lupango lao, lile lililomtoa mama yake kwenye mkeka, lilikuwa limeketi hapa na kikombe mkononi, likiomba sukari.

Kilomètre hakutaka kubaki nyuma. Akainama mbele, akashusha sauti, na hata wenye pikipiki wakasogea.

— Munataka ya kweli? Ule muntu hakufa.

— Eh!

— Mu sanduku balitia muchanga. Dereva mwenzangu alimuona Kitwe, kule Zambia, anauzisha tomate ku soko, amevaa kofia mpaka hapa. Alimuita kwa jina yake, akageuka!

Léonie alimwona baba yake na kofia ile, mbele ya lundo la nyanya, akizipanga moja moja kama alivyopanga kila kitu maishani mwake. Kwa pumzi moja aliamini. Tayari alikuwa njiani kwenda Kitwe. Kisha akaukumbuka uso aliouaga yeye mwenyewe kabla sanduku halijafungwa, akashuka kutoka safari ile akiwa na uchungu mara mbili ya ule aliokuja nao. Alipofungua mdomo hakukumbuka kuona haya.

— Ba papa, naomba kuuliza. Nani kati yenu aliisha kuingia mu ile nyumba?

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini swali lilifika mpaka mwisho wa benchi.

Procureur akaanza kulikunja gazeti. Agence alitafuta simu mfukoni, na simu ilikuwa mkononi mwake. Kilomètre akachungulia ndani ya kikombe.

— Mujibu, basi, alisema Mama Chancelvie. Mutoto wa bantu anauliza.

— Miye nilipitaka mbele yake, akasema Agence.

— Miye mulango yake ninaujua, akasema Kilomètre. Iko bleu.

— Iko ya mabati, papa, Léonie akasema. Haina rangi.

— Weye unajua namna gani, maman?

— Nilizaliwa mule ndani. Miye ni mutoto yake.

Kilomètre, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akikosa neno, aliweka kikombe chini taratibu kana kwamba ni yai.

— Mama yangu alilia mpaka sauti ikakauka, Léonie akaendelea, akimtazama sasa Procureur. Famille ya baba yangu inasema ni yeye njo alisema na gazeti. Bamemukalisha nyuma ya jiko. Hakuna muntu anamupa hata mukono. Na kumbe ile source ya karibu, karibu yake ilikuwa na birika tu.

— Kosa iko ya Franck! Procureur akaruka, kwa mazoea.

— Yangu? Franck akang'aka. Agence alinihakikishia anajua famille yote!

— Ule papa alinisalimia kila asubui akienda kazi, Agence akasema polepole. Kila asubui: "Mbuyi, umeamka?" Na miye: "Nimeamka, papa." Alipokufa nikaona niko mu famille yake. Nikajiweka mwenyewe.

Akafuta uso kwa kofia yake. Hakuna aliyemcheka.

Franck alivua miwani. Alikuwa mdogo kuliko jina lake gazetini.

— Yaya, dada yangu, pole sana. Lakini uelewe na kazi yetu. Mambo kama haya bantu bakiificha, bengine banakufa kimya kimya. Tuseme nini? Tusiandike?

— Sikusema usiandike.

— Photo ya papa nimeikuta ku Facebook. Ilikuwa wazi kwa bantu bote.

— Nguo zangu nikizianika inje ziko wazi kwa bantu bote. Njo utazivaa?

Mama Chancelvie alipiga paja lake. Hata mwenye pikipiki mmoja akasema "Aah!" Léonie mwenyewe alishtuka aliposikia jinsi maneno yalivyotoka. Tangu aolewe Likasi hajawahi kusema mengi hivyo mbele ya wanaume, lakini alikuwa amekwisha kuingia mtoni na maji yalikuwa kiunoni.

— Andika, ndugu yangu. Lakini jina, achia bale balimupenda. Photo, iache. Namna alifanya, usiandike hata neno moja, juu kuko muntu fulani leo moyo yake iko nzito, atasoma na atapata mawazo. Na sababu, usiitie, juu hauijue.

— Bantu banauliza sababu, yaya. Njo kitu ya kwanza banauliza.

— Na shiye tunauliza. Tulilala naye mu nyumba moja, tulikula naye mu sahani moja, na hatujue. Mama yangu anajiuliza mpaka asubui. Weye uliijua kwa vikombe ngapi ya kahawa?

Franck alitazama simu yake, mahali alipoandika lori, kobalti na mapacha. Halafu akatazama saa.

— Ile ingekuwa page yangu ya kwanza, akasema. Tangu nianze kazi, ya kwanza. Akatafuta namba. Mungoje, nimuite Directeur wa gazeti.

Aliweka simu juu ya benchi, spika wazi, na vichwa vyote vikainama juu yake.

— Franck! ikalia sauti nene. Iko wapi ile habari? Banangojea ku mashini ya kuchapa!

— Directeur, tunaiondoa. Source ilikuwa mubaya.

— Ulisema iko ya karibu na famille!

— Source ni miye, Directeur! Agence akapiga kelele kana kwamba simu iko ng'ambo ya mto. Mbuyi, muuzisha unite! Ni miye source, na sijue kintu! Nilisema juu kahawa ilikuwa moto na bantu balikuwa banasikiliza!

Sauti nene ikarudi.

— Papa, ile ni mambo yenu. Musomaji iko na haki ya kujua. Page imejaa, sitaipasua. Franck, tuma photo.

Léonie alikaza kitenge kilichomfunga Merdi. Ndivyo basi: kesho uso wa baba yake utakuwa mikononi mwa watu wote, na mama yake atabaki nyuma ya jiko milele. Hapo Procureur alisimama. Alikuwa bado na sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya shati lake, lakini alisimama kama mtu aliyevaa joho.

— Directeur, unamusemesha Zéphirin, fundi wa kona. Gazeti yako, hapa Katuba, nani anaisomaka kwa sauti?

— Ni ninyi, papa. Tunajua.

— Basi kesho pia tutaisoma. Tutaisoma muzuri sana. Mustari kwa mustari. Nikifika kwa lori, nitasema: hii ilibuniwa na Kilomètre. Nikifika kwa mapacha, nitasema: hii ni yangu, nilibuni hapa ku benchi. Na bantu ba pikipiki batapeleka ile masomo mpaka Golf kwa batajiri, mpaka Kasumbalesa. Tutaona nani atainunua tena.

— Na nitaipeleka mwenyewe mpaka Zambia! Kilomètre akaongeza.

Wenye pikipiki wakapiga honi zote kwa pamoja. Merdi akaamka mgongoni akaanza kulia, na Directeur, huko aliko, alisikika akivuta pumzi.

— Basi, basi. Na ule mwanya ku page ya kwanza? Nitauchapa mweupe?

Franck alimgeukia Léonie. Benchi zima likamgeukia. Alimhamisha mtoto kifuani, akamtuliza kwa kidole, na akasogea karibu na simu. Alisema polepole, kama mtu anayeandika ubaoni na hataki kukosea hata herufi moja:

— Andika hivi, papa. "Gazeti letu lilikosa. Hakuna mtu wa familia aliyezungumza nasi. Mjane hakusema neno. Tuliyoandika juu ya nyumba yake hatukuyajua, na tunaomba msamaha." Umeandika?

— Ninaandika, mama.

— "Mtu akiondoka hivi, sababu yake haifai kukisiwa barabarani. Na wewe unayesoma, ikiwa moyo wako umelemewa, usikae peke yako leo. Mwambie mtu mmoja: dada, rafiki, mchungaji, muuguzi wa kituo cha afya. Na wewe unayeambiwa, acha kazi yako, ukae, usikilize."

Kwa muda ikasikika tu sauti ya vidole vya Directeur.

— Mama, akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imepungua unene. Ile ya mwisho nani alikufundisha?

— Hakuna. Ni kile tungalipenda kumufanyia baba yangu.

— Itaingia juu, ku mwanzo, na maandishi makubwa. Franck, ile photo uifute.

Franck akaifuta mbele ya Léonie, naye akaona uso wa baba yake ukitoweka kwenye kioo cha simu, ukiwa salama. Agence akarusha kofia hewani. Kilomètre alimkumbatia Procureur, na Procureur akamwambia masuruali yale amemsamehe. Mama Chancelvie akapiga vigelegele, halafu akakumbuka msiba, akaziba mdomo, halafu akaona haidhuru, akapiga tena.

Léonie peke yake hakuwa amemaliza.

— Ba papa, gazeti ni ya kesho. Mama yangu iko nyuma ya jiko leo.

Hakuna aliyeuliza afanye nini. Agence alifunga sanduku lake la unite. Procureur alifunga mlango wa karakana wakati wateja wawili wakingoja ndani, ikabidi afungue tena awatoe.

— Ku kilio hatuende mikono mitupu, akasema. Kule bantu bakikuja batakaa wapi?

Akashika benchi upande mmoja, Franck akashika upande wa pili. Likaondoka kwenye ukuta liliouegemea miaka yote, na nyuma yake chokaa ilikuwa bado nyeupe kama mpya. Mama Chancelvie alibeba birika kwa kitambaa. Hivyo wakapita barabara kubwa ya Katuba mchana kweupe: benchi mbele, kahawa nyuma yake, pikipiki zikitambaa pembeni. Kila aliyeuliza kuna nini, Kilomètre alimjibu kwa maneno mafupi kuliko yote aliyowahi kusema:

— Tunaenda kilio. Kuja.

Na watu wakaja. Muuza mikate alikuja, walimu wawili wakaja, majirani waliokuwa wamefunga milango wakalitazama benchi likipita, wakatoka na viti vyao.

Baba mdogo Katongo aliwapokea penye mlango wa mabati, mikono kifuani.

— Munatafuta nani?

Benchi likawekwa chini. Agence akavua kofia.

— Papa, jina yangu ni Mbuyi. Ile mambo mulisoma mu gazeti, ni miye niliisema, na hawa bawili bakaniongezea. Bibi ya marehemu hatujawahi kusema naye hata siku moja. Muliuliza nani alisema. Ni shiye. Tumekuja kusema mbele ya famille yote.

Katongo aliwatazama mmoja mmoja. Franck naye akasogea, akasema jina lake na kazi yake, na kwamba yeye ndiye aliyeandika bila kuja kuuliza. Wanawake kwenye mkeka walikuwa wameacha kuimba. Mzee Katongo alifungua mdomo kama anayetaka kuwafukuza. Halafu akageuka, akalivuka lupango, akapita jiko, akakaa huko nyuma kwa muda. Aliporudi alikuwa amemshika mjane wa kaka yake kwa mkono, na Katongo mwenyewe ndiye aliyeinamisha kichwa kuliko mjane.

Wanawake walivuta miguu, wakamwachia mahali pake pa katikati. Mmoja alianzisha wimbo, na mwingine akalia kwa sauti ile ambayo Maman Marceline hakuwa nayo tena. Lupango lilijaa mpaka njiani. Mjane alitazama benchi refu asilolijua, birika linalotoa moshi, fundi mwenye sindano kolani, wenye pikipiki walioshika kofia zao ngumu vifuani. Akamvuta Léonie karibu, akanong'ona kwa hewa ile iliyombakia:

— Hawa bote ni ba nani?

— Ni bantu balikuja kulia na shiye, mama.

Maman Marceline akanyoosha kitenge chake, akainua kichwa.

— Basi bakae.